4WD Haishiki: Kutafuta Tatizo Kuanzia Kidole Hadi Tairi la Mbele

Kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, imezama kwenye tope hadi sehemu za kukanyagia miguu. Swichi ya 4WD, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, imebonyezwa, taa imewaka kwenye dashibodi, akselereta inakandamizwa, na tairi moja la mbele linazunguka kama feni huku la upande wa pili limetulia kana kwamba habari hizi hazilihusu. Dereva anashuka, tope magotini, hukumu anayo tayari: "Difu imekufa."

Difu haijafa. Hiyo ni difu nzima inayofanya kile hasa ilichotengenezwa kufanya, na kuifungua ni kupoteza siku. Nimefungua za namna hiyo zaidi ya moja nilipokuwa bado najifunza kazi, nikakuta gia zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana, nikarudisha bolti moja moja nikiwa sina cha kumwambia mwenye chombo. Tangu hapo sishiki spana mpaka nijue amri imefia wapi. Maana 4WD ni amri inayosafiri: kidole kinabonyeza swichi, swichi inaruhusu umeme, umeme unazungusha mota ndogo, mota inasukuma uma, uma unasogeza kola yenye meno, kola inaunganisha shafti na difu, difu inagawa nguvu kwa magurudumu mawili. Mahali popote kwenye safari hiyo amri inaweza kukwama, na kila kituo kina dalili zake.

Kwanza ujue kwadi yako ni ya ukoo gani

Huu si utangulizi wa kuruka. Dalili ambayo kwenye kwadi moja ni ugonjwa, kwenye nyingine ni afya.

Ukoo wa kwanza ni wa kola na mota. Yamaha Grizzly, Suzuki KingQuad na Kawasaki Brute Force wako humu. Ukibonyeza swichi, mota ya umeme iliyofungwa kwenye difu ya mbele inasogeza kola yenye meno ya ndani ili ishike meno ya shafti. Ikishashika, mbele na nyuma vimefungwa pamoja kama chuma kimoja. Katikati hapana difu ya kusawazisha kama ile ya magari ya 4WD ya kudumu, na jambo hilo litatusumbua baadaye.

Ukoo wa pili ni wa sumaku na rola, na Polaris ndiyo inayojulikana zaidi kwa mtindo huu. Humu hakuna kola inayosogezwa. Ndani ya difu ya mbele kuna kizimba chenye rola za chuma. Ukiwasha swichi, koili inakuwa sumaku, inaivuta sahani nyembamba ya chuma iliyoshikana na kile kizimba, na ule msuguano unakichelewesha kizimba kidogo. Rola zinapanda kwenye miteremko iliyochongwa ndani ya nyumba yake na kubana kama kabari. Lakini gia za mbele zimepangwa ili, mwendo ukiwa wa kawaida, magurudumu yazunguke haraka kidogo kuliko ile nyumba inayoyaendesha. Kwa hiyo hata swichi ikiwa imewashwa, mbele hakuvuti mpaka nyuma kuteleze vya kutosha nyumba iyafikie magurudumu. Ukiipima kwadi ya aina hii kwenye sakafu kavu utaapa kwamba ni mbovu.

Ukoo wa tatu ni wa zamani: wenye kebo na mkono wa kuvuta, au wasio na cha kuchagua kabisa. Honda TRX350 ya mwaka 1986, iliyofungua ukurasa wa kwadi zenye 4WD, ilivuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Hapo hakuna swichi ya kulaumu. Kwenye zile za kebo, angalia kama kebo imelegea, imeota kutu ndani ya ganda lake, au imechomoka kwenye mkono wa difu. Nyingi zinapona kwa marekebisho ya nati mbili.

Kipimo cha jeki

Kabla ya kusoma dalili, fanya kipimo hiki. Hakihitaji kifaa zaidi ya jeki na mtu wa kukusaidia.

Weka kwadi mahali pa tambarare, magurudumu ya nyuma yakiwa chini na yamekingwa kwa mawe au vigogo. Weka gia ya maegesho, au gia ya kawaida na breki ya nyuma ikiwa imefungwa. Inua mbele mpaka matairi yote mawili yaachane na ardhi. Injini izimwe. Sirudii mara mbili: usiwashe injini na kuingiza gia wakati mbele tu ndiko kumeinuliwa na 4WD imeshika, kwa sababu matairi ya nyuma yataisukuma kwadi itoke juu ya jeki na kukufuata.

Ikiwa kwenye 2WD, yaani nyuma tu ndiko kunakovuta, wewe shika tairi la kushoto na mwenzako la kulia, yazungusheni yote mawili mbele kwa pamoja. Yanatakiwa kuzunguka bila upinzani. Sasa fungua ufunguo, ingiza 4WD. Kwadi nyingine mota haifanyi kazi mpaka injini iwake. Basi iwashe ikiwa nyutro, badilisha, zima, kisha rudisha gia. Yumbisha tairi mbele na nyuma taratibu mpaka usikie "tak" ndani ya difu. Jaribuni tena kuzungusha yote mawili mbele: sasa yanatakiwa kugoma. Lakini ukizungusha moja mbele, jingine linarudi nyuma. Hiyo ndiyo difu ya wazi, yaani isiyofungwa, ikifanya kazi yake. Kama kwadi yako ina kifungo cha kufunga difu, kiingize: sasa hata moja halitakiwi kusogea, ila ule uchezaji mdogo wa meno.

Yakigoma ipasavyo, basi kola inashika, na shida yako iko kwenye tairi, kwenye ardhi, au kwenye matarajio yako. Yakizunguka huru pamoja, amri haikufika.

Kwa ukoo wa sumaku kipimo hiki kinadanganya, kwa sababu rola hubana pale tu nyumba inapozungushwa. Wao wapimwe hivi: gia iwe nyutro na magurudumu yote manne yainuliwe, fungua ufunguo na swichi, kisha zungusha kwa mkono propela ya mbele, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu ya mbele. Magurudumu yote mawili yanatakiwa kuifuata. Zima swichi, zungusha tena. Sasa propela itazunguka bila kuyabeba.

Unabonyeza, kimya

Hakuna mlio wa mota, hakuna taa, hakuna kitu.

Anza na masharti, maana kwadi nyingi zinakataa kwa makusudi. Baadhi zinataka usimame kabisa na akselereta iwe imeachiwa. Kwenye Polaris nyingi za kisasa, ukiwasha swichi injini ikiwa juu ya mizunguko 3,100 kwa dakika, kompyuta inangoja ishuke kwanza. Baadhi ya zile za zamani hazikubali 4WD kwenye rivasi mpaka ushikilie kifungo cha pili. Na kwenye zenye kufunga difu, huwezi kuruka kutoka 2WD moja kwa moja. Unapita 4WD kwanza.

Masharti yakiwa sawa, nenda kwenye betri. Betri nzima iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 11.8 inaweza bado kuwasha taa za dashibodi na kukudanganya kwamba umeme upo, lakini mota ya difu inanung'unika mara moja na kukata tamaa. Kisha fyuzi. Usiitazame kwa macho tu. Ipime, maana nyingine zimekatika chini ya kofia pasipoonekana.

Sasa chomoa soketi ya mota kwenye difu ya mbele. Hapa ndipo mahali pabaya kuliko pote: chini, mbele, kwenye njia ya kila tope na kila dimbwi, na baadaye kwenye njia ya maji ya presha ya kuoshea. Ukikuta vijiti vya soketi vina unga wa kijani, umeshapata mshukiwa mkuu. Safisha kwa dawa ya umeme na brashi ndogo, paka grisi ya umeme, rudisha, jaribu.

Ukikuta ni safi, pima volti. Na hapa nieleze kosa langu, kwa sababu lilinigharimu mota nzima. Kwadi ilikuwa kimya. Niliweka mita kwenye soketi, ikasoma volti 12.4. Nikasema umeme upo, mota ndiyo imekufa. Nikanunua mota mpya, nikaifunga, kimya vilevile. Ile ya zamani niliiunga moja kwa moja kwenye betri ikalia vizuri tu, "wiii-tak", kama inanicheka. Nikakaa chini nikafuata waya kwa vidole kutoka kwenye soketi kwenda juu. Karibu na fremu, pale waya zinapopinda, sehemu moja ilikuwa laini kuliko kwingine, kama mrija usio na kitu ndani. Nikachana ganda kwa wembe. Ukamwagika unga wa kijani, na katikati yake ulikuwa umebaki uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele.

Uzi mmoja unatosha kuipa mita volti 12, kwa sababu mita hainywi umeme. Mota inaunywa. Ndiyo maana siku hizi sipimi waya wa mota kwa mita peke yake. Nina taa ya indiketa ya wati 21 niliyoiunga waya mbili. Naiweka kwenye soketi mahali pa mota, mtu anabonyeza swichi, na taa inatakiwa kuwaka nyeupe kabisa. Ikiwaka nyekundu hafifu au isiwake, umeme unafika kwa jina tu. Hiyo taa inavuta karibu ampia moja na robo tatu, kazi ambayo uzi mmoja wa shaba uliooza hauiwezi. Kumbuka tu kwamba mifumo mingine inatuma umeme kwa sekunde chache kisha inakata, kwa hiyo mtazamaji awe tayari kabla ya kidole kubonyeza.

Ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, ipimwe pia ikiwa na mzigo. Taa ikiwa imeungwa, weka ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa soketi na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, tafuta bolti ya ethi kwenye fremu, ifungue, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae.

Waya zote zikiwa sawa ndipo mota inashtakiwa. Ing'oe, tafuta kwenye michoro ya kwadi yako ni waya zipi mbili za mota na zipi za kitambua-nafasi, na uunge zile mbili tu kwenye betri. Ukipeleka volti 12 kwenye kitambua-nafasi umejitengenezea tatizo la pili. Mota nzima inalia kwa nguvu moja mwanzo hadi mwisho. Inayoanza kwa kasi kisha ikasuasua ina maji, au grisi yake imekuwa gundi. Nyingi zinafunguka, zinasafishwa, zinarudi kazini. Zile ambazo brashi za kaboni zimeisha hazina maisha marefu hata ukizibembeleza.

Mota inalia, taa inapepesa tu

Mara nyingi huu si ugonjwa. Kola ina meno, shafti ina meno, na mota haiwezi kuyalazimisha yaingiane yakiwa yametazamana kichwa kwa kichwa. Ndani kuna springi inayoshikilia msukumo, inangoja meno yasogee nusu hatua. Taa inayopepesa inasema, "Nimetumwa, bado sijaingia." Tembeza kwadi polepole mita chache, pinda usukani kidogo kushoto na kulia. Ukisikia "tak" na taa ikatulia, endelea na safari yako.

Wanaoharibu kola ni wale wanaobonyeza swichi huku magurudumu ya nyuma yanateleza kwa kasi kwenye tope. Mbele kumesimama, nyuma kunakimbia, na meno yanakutana katika tofauti hiyo. Ule mlio wa kusaga unaousikia ni ncha za meno zikiliwa. Zikishaviringika, kola itaingia na kuchomoka yenyewe ukiongeza mzigo, na hapo hakuna dawa ila kubadilisha kola na mwenzake. Achia akselereta, acha kila kitu kisimame, ndipo ubonyeze.

Taa ikipepesa hata baada ya kutembea mita hamsini, uma umekwama. Kwadi iliyokaa miezi mingi bila kuguswa 4WD inaota kutu kwenye kijiti ambacho uma unatelezea. Jaribu kubadilisha 2WD na 4WD mara ishirini hivi huku mwenzako anayumbisha matairi yaliyoinuliwa. Wakati mwingine inalainika yenyewe.

Sababu nyingine inawapata waliofungua mota na kuirudisha. Kwenye miundo kadhaa, Grizzly ikiwemo, gia ndogo ya mota inashikana na meno ya kijiti cha uma, na lazima vikutane kwenye nafasi sahihi. Ukikosea jino moja, mota inafika mwisho wa safari yake kabla uma haujafika wake. Matokeo: 4WD inaingia lakini kufunga difu hakuingii, au kinyume chake. Kama tatizo lilianza siku ileile mota ilipofungwa upya, usitafute mbali.

Taa imetulia, mbele hakuvuti

Hapa ndipo tulipoanza, kwenye tope, na hapa pana mengi.

Difu ya wazi hugawa nguvu sawa pande mbili, na upande mlegevu ndio unaoweka kiwango. Tairi moja likiwa hewani au kwenye ute wa tope halihitaji nguvu yoyote kuzunguka, basi na mwenzake anapewa kiasi hichohicho, yaani karibu sifuri. Kwadi yenye ekseli ya nyuma isiyo na difu na mbele yenye difu ya wazi ni, kwa ukweli wa mambo, kwadi ya magurudumu matatu yanayovuta. Ujanja wa kujiokoa: endelea kuvuta moto kidogo huku ukibana breki ya mbele kwa upole. Breki inaupa upande mlegevu upinzani, na difu inalazimika kuupa upande wa pili kiasi hichohicho. Utashangaa jinsi kwadi inavyojikokota na kutoka. Wenye kifungo cha kufunga difu wakitumie, ila wasishangae mwendo ukizuiwa: Yamaha kwa mfano huweka kikomo cha kilomita 35 kwa saa difu ikiwa imefungwa. Hiyo nayo nimeletewa mara kadhaa kama "injini imekosa nguvu".

Can-Am wana mtindo wao, Visco-Lok, ambao hujifunga wenyewe. Tofauti ya mwendo kati ya magurudumu mawili ya mbele inasukuma kimiminika kizito, kinabana sahani za klachi. Unahitaji tairi lizunguke kwanza kidogo ndipo la pili liamke. Anayeachia akselereta mara tu tairi linapoanza kuteleza hampi nafasi.

Sasa, ikiwa magurudumu yote mawili ya mbele yamesimama kabisa wakati nyuma kunachimba shimo, na taa imetulia, hilo ni jambo jingine. Taa yenyewe inaweza kuwa shahidi wa kusikia. Kwenye kwadi nyingine inawashwa na swichi ndogo inayoguswa na uma, kwa hiyo inasema kilichotokea; kwenye nyingine inawashwa na amri tu. Rudia kipimo cha jeki.

Kipimo kikisema kola imeshika lakini mbele hakuvuti chini ya mzigo, chukua chaki. Chora mstari mmoja mrefu unaovuka mahali propela inapoingia kwenye kiungio cha difu, nusu kwenye propela na nusu kwenye kiungio. Fanya hivyohivyo upande wa giaboksi, na pale ekseli za mbele zinapoingia kwenye habu. Shusha kwadi, ingiza 4WD, isogeze taratibu kwenye udongo uliolegea mbele yake kukiwa na kigogo cha kuizuia kidogo. Kisha lala chini utazame mistari. Pale ambapo nusu mbili za mstari hazitazamani tena, meno ya ndani yameisha. Njia hii nimeipenda kwa sababu haina ubishi: chaki haina maoni.

Ukiona propela imesimama kabisa huku nyuma kunazunguka, meno yameisha upande wa giaboksi, au kwa kwadi ambazo kola yake iko huko, haikushika. Propela ikizunguka na difu imesimama, ni kiungio cha mbele. Sababu ya kawaida ni ukavu: kiungio hicho kinataka grisi, na watu wengi hawajui hata kama kipo. Ukikifungua kwa kazi yoyote ile, kipake.

Na ekseli moja iliyokatika inaua pande zote mbili. Watu hawaamini mpaka waone. Difu ya wazi inapeleka mzunguko wote kwenye ekseli isiyoshika chochote, na tairi zima la upande wa pili linabaki bila kazi. Kwa hiyo usikague tu upande unaoushuku.

Inashika na kuachia: tak, tak, tak

Kwa ukoo wa sumaku, mlio huu chini ya mzigo unamaanisha rola zinapanda na kuteleza. Anza na oili, kwa sababu hapa oili si ya kulainisha tu. Sahani inatakiwa kuburuzwa na sumaku. Ukiweka oili nzito ya gia za kawaida, inakaa katikati kama godoro na kizimba hakicheleweshwi kwa wakati. Au kinyume chake: oili nzito inakiburuza kizimba hata swichi ikiwa imezimwa, mbele kunashika bila kuamriwa. Tumia kimiminika kilichotajwa kwa difu hiyo na si kingine. Nimeona kwadi ikipona kwa kumwaga na kujaza tu.

Kisha koili. Chomoa soketi, pima ukinzani. Kwenye Polaris nyingi ni karibu omu 24, ingawa kitabu cha modeli yako ndicho mwamuzi. Ikisoma sifuri imeungua na kushikana, ikisoma isiyo na mwisho imekatika, ikiwa sahihi basi ipe mzigo kama ulivyofanya kwa mota. Waya wa koili hupita kwenye upenyo mdogo wa kifuniko cha difu na hupenda kusagwa hapo.

Oili na koili vikiwa sawa, ndani kuna springi ndogo zinazoirudisha rola katikati, na kizimba chenyewe, ambacho kwenye miundo mingi ni cha plastiki au aluminiamu. Vikivunjika, vipande vya springi utavikuta kwenye sumaku ya plagi ya kumwagia oili, na vya kizimba kwenye oili uliyomwaga. Kwa hiyo usimwage gizani.

Kwa ukoo wa kola, mlio kama huo ni kola inayoruka, au uma uliopinda. Ukisikika kwenye kona tu, ni jointi ya ekseli, na buti lake la mpira huenda limepasuka zamani.

Inakataa kutoka 4WD, usukani mzito kama umeshikwa

Umerudi kwenye njia ngumu, unabonyeza 2WD, hakuna kinachotokea. Kumbuka nilivyosema kwamba mbele na nyuma vimefungwa bila difu katikati. Kwenye kona, magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo inamezwa na mtelezo. Kwenye ardhi ngumu haina pa kwenda, inajikunja kwenye shafti kama kamba iliyosokotwa, na msokoto huo unayabana meno ya kola yasitoke. Mota inavuta bure. Rudi nyuma mita mbili tatu kwa mstari ulionyooka, au pinda upande ule mwingine, utasikia ikiachia.

Ikiwa inajibana hata ukienda moja kwa moja, tazama matairi. Upepo wa kwadi ni mdogo sana, mara nyingi kati ya psi 5 na 7, kwa hiyo kosa la psi 2, ambalo kwenye gari usingelijali, hapa linabadilisha urefu wa mzunguko wa tairi. Tumia kipimo cha shinikizo la chini. Kile cha magari hakisomi vizuri huko chini. Matairi mapya mbele na yaliyolika nyuma yanaleta shida ileile. Weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma kwadi mpaka alama irudi chini, pima umbali. Kushoto na kulia vilingane. Mbele na nyuma si lazima, kwa kuwa kiwanda huenda kimepanga tofauti na kuifidia kwa gia, lakini ukibadilisha saizi upande mmoja tu umevuruga hesabu hiyo. Kwa ukoo wa sumaku athari ni mbaya zaidi, kwa sababu mfumo mzima unategemea mbele kukimbia haraka kidogo: matairi makubwa mbele yanazungushwa polepole, na rola zinabana wakati hakuna aliyeziomba.

Oili ya rangi ya chai ya maziwa

Fungua plagi ya difu ya mbele. Kama kinachotoka ni cheupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na dalili zozote ulizokuwa nazo, kuanzia mlio hadi mota yenye kutu, zinaweza kuwa zimetokana na hapo. Njia yake huwa ni mrija wa kupumulia. Difu ikipata joto hewa yake inapanuka na kutoka kwenye mrija. Ukiitumbukiza mtoni ikiwa ya moto, hewa inasinyaa ghafla na kuvuta. Mrija ukiwa umezibwa na udongo au nyumba ya mdudu, kinachovutwa ni maji kupitia kingo za sili. Vuta mrija, upulize kwa mdomo, hakikisha ncha yake iko juu karibu na usukani.

Mwaga oili yote, tazama plagi yenye sumaku: tope laini jeusi ni uchakavu wa kawaida, vipande vyenye kona ni meno ya gia. Jaza oili mpya, endesha kilomita chache, mwaga tena ikiwa bado ya moto, jaza. Ikirudi nyeupe mara ya tatu, sili ya pinioni au ya ekseli haizuii tena, na hapo ndipo difu inapofunguliwa kwa haki.